Orodha ya Madereva Kumi na Mmoja: Kisa cha Mwanasaikolojia Aliyelipwa na Mwajiri

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Nimekifundisha mara kadhaa kwa wanasaikolojia vijana wanaojiandaa kufanya kazi na makampuni, na kila mara swali lao la kwanza ni lile lile: mwajiri alipotaka umpe majina ya madereva wasiofaa, uliyatoa? Sikuyatoa. Hata hivyo madereva watano walikosa posho zao kwa sababu ya karatasi niliyoiandika mimi, na dereva mmoja aliyekuwa hatarini kweli nusura apite bila mtu kumwona. Ndiyo maana naona swali la majina linachelewa kuulizwa. Mambo yalikuwa yameshaharibika kabla halijafika.

Nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtu au kampuni. Mlolongo wa maamuzi nimeuacha ulivyokuwa, pamoja na yale ninayoyaonea uchungu. Wahusika niliofanikiwa kuwapata wameridhia kisa kitumike kufundishia.

Usuli

Kampuni ilikuwa ya malori ya masafa marefu, yanayochukua shehena bandari ya Dar es Salaam na kuipeleka Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Anayeijua njia ile anajua maisha yake: mizani, foleni ya mpakani inayoweza kumshikilia mtu siku kadhaa, kulala kwenye kebini, kisha kuendesha usiku ili kufidia muda uliopotea. Mshahara wa dereva si mkubwa. Kinachoendesha nyumba ni posho ya safari. Gari likipaki, na posho inapaki. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nalijua na bado sikulipa uzito wake.

Usiku mmoja malori sita ya kampuni yalikuwa yameongozana. La mbele liligongana uso kwa uso na basi dogo la abiria. Dereva wake na utingo walifariki, na abiria kadhaa pia. Madereva watano waliokuwa nyuma ndio waliofika kwanza. Walitoa watu kwa mikono yao, kwa mwanga wa simu.

Mimi niliitwa wiki ya tano. Ombi la kwanza lilikuwa semina ya siku moja: madereva wote wakae ukumbini, kila mtu asimulie alichokiona, jioni wapewe vyeti na kesho yake warudi barabarani. Nilikataa, na kwa hilo bado naamini sikukosea. Utafiti haukuonyesha kwamba kuwasimulisha watu kiwewe chao katika kikao kimoja cha namna hiyo kunawakinga na madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi kitu hicho. Tukakubaliana nimwone mtu mmoja mmoja. Walichaguliwa kumi na mmoja: watano wa msafara ule, na sita wengine waliokuwa karibu na marehemu au waliokuwa wakitumia njia ile ile wiki ile.

Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili. Uliandaliwa na idara ya manunuzi, na nadhani ulinakiliwa kutoka mkataba wa mtoa mafunzo, maana ulikuwa bado na kifungu cha chai ya saa nne kwa washiriki. Kifungu kilichokuja kunila kilikuwa hiki: "Mshauri atatoa ushauri nasaha kwa wafanyakazi walioteuliwa na kuwasilisha taarifa kwa menejimenti." Taarifa gani? Yenye nini ndani? Imfikie nani? Sikuuliza. Nilisaini siku ile ile, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwafikia watu waliokuwa wameumia.

Chumba, ubao na maneno ya kufungulia

Chumba nilichopewa kilikuwa kontena lililogeuzwa ofisi, katikati ya yadi. Dirisha lilitazama sehemu ya kuoshea magari. Kila aliyeingia alionekana, na aliyekaa zaidi ya saa nzima alionekana vilevile. Msimamizi wa safari alibandika majina yote kumi na moja kwenye ubao wa matangazo, kila jina na muda wake, na chini akaandika kwa kalamu nyekundu: WOTE WAHUDHURIE. Niliiona karatasi ile asubuhi ya kwanza. Nikajiambia kuwa angalau watakuja.

Kila kikao nilikifungua kwa maneno yale yale: "Tutakayozungumza humu ni siri. Hayatoki." Kisha nikampa dereva fomu ya ridhaa, akasaini. Wengi walisaini bila kuisoma, kama wanavyosaini karatasi ya kupokea mafuta.

Pia niliwapa dodoso la PCL-5. Ni maswali 20 kuhusu dalili za kiwewe za mwezi uliopita: ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa mahali, kukosa usingizi. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ya juu ni 80. Mtu akifikia 31 hadi 33 na kuendelea, inashauriwa achunguzwe zaidi. Tafsiri ya Kiswahili niliyoitumia nilikuwa nimeifanya mwenyewe pamoja na mwenzangu mmoja, na haikuwa imejaribiwa kwa madereva. Wanne kati ya wale watano wa msafara walivuka mstari huo. Mmoja wao alipata 41. Wa tano alipata 9.

Alhamisi jioni

Dereva ninayetaka kumzungumzia hakuwa kwenye msafara ule. Wenzake walimwita Mzee, nami nitamwita hivyo. Dodoso alilijaza kwa dakika tatu, sifuri juu ya sifuri, jumla 6. Tukazungumza habari za watoto, shamba na bei ya matairi. Akaniaga. Alipofika mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye komeo, akageuka.

"Mwanangu, ulisema hapa hakitoki kitu. Hakitoki kweli?"

"Hakitoki, mzee wangu."

Akarudi akakaa. Akanieleza kwamba usiku, taa za gari linalokuja zikimpiga usoni, anafumba macho. Si kwa kupenda. Yanafumba yenyewe. "Nahesabu moja, mbili, halafu nafumbua." Mwezi ule, mara mbili alifumbua akakuta gari limehamia upande usio wake. Chanzo hakikuwa ajali hii mpya. Miaka mingi nyuma, akiwa kwa mwajiri mwingine, aligongwa na gari lililohama njia, na taa zake ndicho kitu cha mwisho alichokumbuka. Alikuwa ameishi na hofu hiyo kimya kimya. Vifo vya wenzake ndivyo vilivyoifufua.

Alipomaliza alikuwa akisugua viganja kwenye magoti ya suruali, polepole, kama mtu anayefuta grisi. Nilimshukuru. Nikamwambia tuonane kesho saa nne asubuhi. Akaondoka.

Usiku nilimpigia mwanasaikolojia mwenzangu, mkubwa kwangu kwa uzoefu, nikamweleza bila kutaja jina wala kampuni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Safari yake inayofuata ni lini?"

Sikujua.

Ijumaa: kumwambia yeye kwanza

Mzee alikuja. Uamuzi niliokuwa nimeufikia ni kwamba siri hii siwezi kuibeba peke yangu, lakini sitaitoa nyuma ya mgongo wake.

"Jana nilikuambia hakitoki," nikamwambia. "Nilikosea kukuambia hivyo. Kuna kitu kimoja kinachoweza kunilazimisha kusema, nacho ni pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Nilipaswa kukueleza kabla hujafungua mdomo. Naomba radhi."

Alikaa kimya kwa muda. "Nikipaki, watoto watakula nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikujifanya ninalo. Nikamwekea mezani yaliyokuwepo. Anaweza kwenda mwenyewe kwa msimamizi wa safari, nikiwa pamoja naye. Anaweza kuniruhusu niende peke yangu na maneno atakayokuwa ameyasoma. Au anaweza kukataa yote mawili, na hapo nitalazimika kwenda bila ruhusa yake, lakini atajua saa nitakayokwenda na kila neno nitakalosema. Alichagua tuende wote.

Tuliandika karatasi moja, nikamsomea mara mbili. Ilisema kwa wiki sita asipangiwe safari za usiku wala za masafa marefu, kisha aonwe tena na daktari kabla ya kurejea. Basi. Hapakuwa na ugonjwa, hapakuwa na sababu.

Msimamizi aliisoma akaniangalia. "Ana nini?"

"Hilo ni lake yeye," nikajibu.

Mzee akasema mwenyewe: "Macho yangu usiku siku hizi si mazuri." Alikuwa amechagua ukweli wake, kiasi alichokuwa tayari kukitoa mbele ya bosi wake. Nimewahi kuulizwa kama kunyamaza kwangu pale kulikuwa kushiriki uongo. Sidhani. Macho yake usiku kweli hayakuwa mazuri, na kilichokuwa nyuma ya macho hayo msimamizi hakukihitaji ili kupanga safari.

Mzee alipewa kazi za mchana, kutoa makontena bandarini kuyapeleka bandari kavu, na baada ya mazungumzo marefu kampuni ikakubali kumlipa nusu ya posho kwa wiki hizo. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Jumatatu: jedwali lenye safu mbili

Jumatatu afisa rasilimali watu aliniita. Chai ikaletwa.

"Dokta, Ijumaa umetusaidia sana. Sasa hawa wengine je?"

Akasogeza karatasi. Lilikuwa jedwali lililochapwa vizuri: majina kumi na moja, safu ya "Anafaa", safu ya "Hafai", na chini nafasi ya sahihi yangu. Mwenye mzigo mmoja mkubwa alikuwa ametaka uthibitisho kwamba madereva wanaobeba shehena yake wako sawa kisaikolojia.

Nilipomwambia siwezi, hakupandisha sauti. "Sisi ndio tunaokulipa, dokta. Na mkataba unasema taarifa."

Inanipasa nimtendee haki mtu huyu. Alikuwa amehudhuria mazishi yote mawili. Alikaa na mama wa utingo kwenye mkeka hadi usiku. Hakuwa akitafuta wa kumfukuza. Alikuwa anaogopa kupigiwa tena simu ile ya saa nane usiku, na mbele yake alikuwa amekaa mtu aliyedhani anajua nani ataisababisha. Ukiwafundisha wanafunzi kwamba anayekuja na shinikizo siku zote ni mtu mbaya, watashindwa kulitambua shinikizo linapokuja na chai na machozi.

Nilimweleza kwamba madereva walizungumza nami kama wanaotafuta msaada, si kama wanaofanyiwa usaili wa kuendelea na kazi. Kwamba dodoso halipimi uwezo wa kuendesha gari. Kwamba kama kampuni inahitaji kujua nani anafaa kurudi barabarani, imtafute daktari au mwanasaikolojia mwingine, na dereva ajue tangu mwanzo kuwa matokeo yatakwenda kwa mwajiri, akubali kwa maandishi. Upimaji wa afya za wafanyakazi, kabla ya ajira, wakiwa kazini na wanapoondoka, ni jambo linalosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, nchini kwetu, kwa hiyo sikuwa nampeleka kwenye kitu kigeni.

Alielewa nusu. Nusu nyingine ilibaki pale pale kwenye "mkataba unasema taarifa". Basi, ili nisionekane nimekuja kukataa tu, nikaahidi taarifa ya jumla isiyo na majina. Niliiandika Jumanne usiku nikaipeleka Jumatano. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Kati ya madereva walioshuhudia ajali, wanne wana dalili zinazohitaji ufuatiliaji zaidi."

Alhamisi asubuhi funguo za malori matano zilikusanywa.

Matokeo

Kila mtu kwenye yadi ile alijua ni akina nani waliokuwa kwenye msafara. Walikuwa watano. Nami nilikuwa nimeandika wanne. Kampuni haikuweza kujua wa tano ni nani, kwa hiyo ikawapaki wote, "kwa tahadhari". Yule aliyepata alama 9, asiyekuwa na shida yoyote, alikaa wiki tatu bila posho.

Siku ile ile madereva waliobaki wakafunga milango. Walikuja kwenye vikao kwa sababu majina yao yalikuwa ubaoni. Walikaa, wakaangalia saa, wakasema, "Nipo salama, dokta." Wanne niliokuwa nimepanga kuwaona mara ya pili sikupata kutoka kwao hata sentensi moja ya maana.

Kati ya watano, watatu walirejea barabarani baada ya kupimwa na daktari wa nje. Mmoja alikubali kutibiwa, akarudi baadaye. Yule wa alama 41 aliacha kazi. Kabla ya kuondoka alikuja ofisini kwangu mjini, akaomba kuliona dodoso lake. Nilifungua kabati, nikampa. Alilisoma lote akiwa amesimama, kidole kikifuata kila mstari. Halafu akaniuliza kama karatasi ile ilikuwa imewahi kutoka kwenye kabati hilo. Nikamwambia haijawahi kutoka. Akairudisha mezani, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Niliambiwa baadaye kwamba anaendesha kwa kampuni nyingine, njia ile ile. Matibabu aliyoyahitaji hakuyapata. Hatari ambayo kampuni ilidhani imeiondoa barabarani ilikuwa imebadilisha rangi ya lori tu.

Mzee alipata msaada, na baada ya miezi kadhaa akaamua mwenyewe kubaki na kazi za mchana.

Mkataba wangu haukuongezwa. Mwaka uliofuata kampuni ilinirudia, safari hii ikitaka nisaidie kuandika masharti ya huduma mpya, ambayo ingetolewa na watu wengine. Nilikubali.

Uchambuzi: mteja alikuwa nani

Katika saikolojia ya kazini swali hili ndilo linalobeba mengine yote, na mimi sikulijibu kwa maandishi wala kwa mdomo. Kampuni ilijiona mteja kwa kuwa inalipa. Dereva alijiona mteja kwa kuwa ndiye aliyeketi akisimulia. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa upande wake, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia wote wawili, kabla ya kikao cha kwanza, nani ananidai nini.

Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, zinalizungumzia hili katika kifungu 3.11. Mwanasaikolojia anayetoa huduma kwa taasisi au kupitia taasisi anatakiwa aeleze mapema huduma ni ya namna gani, nani wateja wake, ana uhusiano gani na kila mmoja, taarifa zitakazopatikana zitatumikaje, nani atazifikia, na usiri unakomea wapi. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho chuoni, hata mtihani nilijibu. Lakini mtihanini hapakuwa na afisa manunuzi aliyesimama mlangoni akisubiri mkataba urudi.

Neno "taarifa" kwenye mkataba lilikuwa tupu, na neno tupu hujazwa na mwenye nguvu. Ningelijaza mimi siku ile kwa sentensi mbili: kwamba kampuni itapata idadi ya vikao vilivyofanyika na mapendekezo kuhusu mazingira ya kazi, na kwamba haitapata chochote kuhusu afya ya mtu isipokuwa mwenyewe aridhie kwa maandishi. Sheria ingenisaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na kudai ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Afisa rasilimali watu ambaye hawezi kukubali hoja ya maadili mara nyingi huikubali hoja ya sheria, maana yeye pia ana mkubwa wa kumjibu.

Upande wa dereva kosa lilikuwa zito zaidi. "Hayatoki" ni neno tamu, na nililitumia kwa kuwa linafungua vinywa. Lilimfungua Mzee. Kisha ikanibidi nilivunje ndani ya saa kumi na nane. Alinisamehe, lakini msamaha wake hauifanyi ahadi ile kuwa ya haki. Siku hizi nasema hivi: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Ila nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, nitasema, na nitakuambia wewe kabla sijamwambia yeyote. Mwajiri wako ataambiwa umekuja mara ngapi, zaidi ya hapo hapana." Kwanza niliogopa kwamba watu watanyamaza. Wachache hunyamaza kweli. Walio wengi huuliza swali moja au mawili, kisha wanaanza.

Na ridhaa ile ya kusaini kama karatasi ya mafuta haikuwa ridhaa. Mtu aliyeitwa kwa kalamu nyekundu ubaoni hajachagua kuja. Ningepaswa kuibandua ile karatasi asubuhi ya kwanza, na kuomba chumba nje ya yadi.

Uchambuzi: kundi dogo halina pa kujificha

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wakae zaidi, kwa sababu kosa hili linafanywa na watu waangalifu. Tumefundishwa kwamba tukiondoa majina tumelinda siri. Kwa wafanyakazi mia tano huenda. Kwa watano, idadi ni jina.

Fikiria karani anayesoma sentensi yangu. Anajua watano kwa sura. Anajua ni nani alitoka kontena akiwa amevimba macho, nani aliomba likizo, nani ameacha kula na wenzake. Nimempa namba nne, na namba hiyo inakwenda kujiunga na yote anayoyajua tayari. Taarifa haisomwi peke yake. Inasomwa na mtu anayeishi na wahusika.

Ningeandika nini? Ningeweza kutotaja idadi kabisa, nikaandika yanayohusu kazi yenyewe: kwamba ratiba zinawalazimisha madereva kuendesha saa ambazo mwili unataka kulala, kwamba baada ya ajali hakuna utaratibu wa kumpumzisha dereva kwa malipo, kwamba anayetafuta msaada anaogopa kupoteza posho na kwa hiyo hatautafuta. Hayo yote niliyasikia, tena kutoka kwa karibu kila mmoja. Yalikuwa ya kweli, yangesaidia, na yasingempaki mtu. Niliyaweka ukurasa wa pili, na sina hakika kama ulifunguliwa.

Uchambuzi: 6 na 41

Tuseme ningejaza lile jedwali kwa kufuata alama. Dereva wa 41 angekuwa "Hafai". Mzee, mwenye 6, angekuwa "Anafaa", na angepangiwa Tunduma usiku. Yule wa 41 alikuwa halali vizuri na alikuwa akilia akisikia honi ya basi, lakini hakuwa na tatizo lolote la kuendesha. Alikuwa ameshaanza kuomba safari za mchana mwenyewe. Dodoso linauliza dalili za mwezi mmoja. Linamtegemea anayelijaza, na anayelijaza mbele ya dirisha la yadi huku riziki yake iko mezani atajaza sifuri.

Kilichomtoa Mzee barabarani usiku ni ule mkono uliosita kwenye komeo. Alirudi kwa sababu aliamini. Kampuni ilitaka usalama, nami nilitaka usalama, na njia pekee iliyotufikisha kwenye hatari halisi ilikuwa imani ya dereva mmoja kwa mtu aliyeketi naye. Baada ya Alhamisi ile ya funguo, kama kulikuwa na Mzee mwingine kati ya wale sita, hakuna aliyemsikia. Hii ndiyo hoja ninayompelekea mwajiri siku hizi, na ninaipeleka kabla ya bei: usiri haugombani na usalama wa magari yako, ndio unaokuletea habari zake.

Kuhusu kumsaidia mtu na kumpima kwa niaba ya mwajiri wake kwa wakati mmoja sina mengi ya kusema. Isifanyike. Wawe watu wawili, vyumba viwili, fomu mbili.

Uchambuzi: siri ya Mzee

Hili ndilo wanafunzi huliita fanikio la kisa, na kwa sehemu ni kweli. Nilimwomba mwenzangu ushauri bila kumfichua mtu, nilimwambia Mzee kabla ya kumwambia mwingine, nilitoa kiasi kidogo kilichotosha kuzuia madhara, na yeye alikuwepo nilipokitoa.

Wengi hulinganisha na shauri la Tarasoff la California. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja aliuawa na mtu aliyekuwa ameshamweleza mtaalamu wake nia ya kumuua, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda anayekusudiwa kudhuriwa; kwamba kinga ya usiri inakoma pale hatari kwa umma inapoanza. Hukumu ile haitufungi sisi, na mfano wenyewe hauingii sawasawa. Kule kulikuwa na nia, na kulikuwa na mtu anayejulikana. Mzee hakuwa na nia mbaya na yeyote, na ambaye angedhurika alikuwa abiria yeyote wa basi lolote usiku wowote. Mwenye kushikilia hukumu ile neno kwa neno angeweza kusema wajibu haukuwepo. Mimi naona ulikuwepo, na ulikuwa mzito zaidi kwa sababu yule abiria hakuwa na jina na hakuna ambaye angemwonya.

Lakini kama ulikuwepo, ulianza Alhamisi jioni, si Ijumaa. Mtu aliniambia kwamba anafumba macho akiendesha usiku, na mimi nikamshukuru, nikampangia saa nne asubuhi, nikamwacha atoke kwenda kwenye yadi yenye malori, saa kumi na mbili jioni, bila kumwuliza anaondoka lini. Mwenzangu aliliona pengo hilo kwenye simu kwa sekunde moja. Usiku ule sikuwa na namba ya Mzee, na sikutaka kumpigia msimamizi nikamfichua. Nilikaa tu nikingoja kupambazuke.

Usiku ule hakusafiri kwa sababu lori lake lilikuwa gereji, likisubiri klachi. Nililijua hilo Ijumaa saa nne, kutoka kinywani mwake, nilipomwuliza.